Pale Alipogeuka

Machi 3

Leo tumelivunja kufuli la sanduku la baba. Ufunguo alikufa nao, au aliutupa, Mungu ndiye ajuaye. Nimegonga kwa nyundo mpaka kidole gumba kikavimba, mama kasimama nyuma yangu akisema "polepole, polepole," utadhani ndani kuna mtu amelala.

Ndani mna mikanda ya video. Imesimamishwa wima, imejaa sanduku zima, na hakuna hata mmoja wenye jina. Ubavuni mwa kila mkanda kuna alama ya gundi tu, pale palipokuwa na karatasi.

"Alizibandua yeye," mama akasema. "Ili nisijue mwanangu yuko wapi."

Naandika haya kwa sababu nimeahidi jambo, na mimi nikiahidi bila kuandika huwa nakimbia. Juzi daktari wa macho alitueleza kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wa mama. Dawa ya matone inachelewesha tu. Nilimuuliza inachelewesha mpaka lini, akatazama nje ambako mvua ndiyo kwanza inaanza, akasema hawezi kuniahidi kwamba mama ataona jua la baada ya mvua hizi. Njiani mama hakulia. Aliniuliza kitu kimoja, kama naweza kumwonesha Bosi kabla giza halijafika.

Bosi alikuwa kitindamimba wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alituamrisha sote, na baba ndiye aliyekuwa mtumishi wake mkuu. Alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, mimi nina kumi na minne. Picha zake ni za uchanga tu, maana alipopata akili aliiogopa kamera, akiiona anakimbia. Ila kuna mkanda mmoja ambamo aligeuka, akaitazama, akacheka. Baada ya maziko mama alikuwa anautia kwenye deki kila siku. Akifika pale alipogeuka anasimamisha picha, anakaa naye. Haji mezani, haogi, hajibu akiitwa. Siku moja tukaamka hakuna mkanda, hakuna deki, na sanduku lina kufuli. Baba hakueleza kitu. Mama anasema aliibiwa mtoto mara mbili, mara ya kwanza na homa, mara ya pili na mumewe. Walilala kitanda kimoja miaka yote iliyobaki na hakumsamehe hata siku moja.

Mimi pia sikumsamehe. Kwenye jambo hili nilikuwa upande wa mama, na bado niko.

Machi 5

Nani ana deki siku hizi? Nimezunguka nusu ya mji nikitoka kazini. Kwenye duka la simu kijana mmoja alinikodolea macho, mwenzake akamwambia, "Mama anataka kupiga deki, mletee ndoo." Wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje?

Mwishowe nikaenda kwa Mzee Chenga, fundi wa televisheni, rafiki wa baba tangu ujana. Jina hilo alipewa na wateja, maana televisheni ikipita mikononi mwake itawaka, ila chenga kidogo hazikosi. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la vifaa vya shule, na ndani yake mtu hapiti ila kwa ubavu. Alichimbua deki chini ya rundo la redio, akaipuliza vumbi, akanipa pamoja na kidude cha kunasia picha: waya upande huu unaingia kwenye deki, upande ule kwenye kompyuta, mkanda unacheza na kompyuta inanakili.

"Sikiliza binti," akasema. "Mkanda mzee haukimbizwi. Ukiukimbiza mbele utakatika. Uache ucheze mwendo wake. Wa saa tatu unataka saa tatu."

"Iko mingi, mzee."

"Basi mna kazi." Akafuta miwani kwa shati. "Ule wa mtoto mmeupata?"

Nikamwambia bado, mikanda haina majina. Akaendelea kufuta miwani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Machi 8

Mkanda wa kwanza. Nilikuwa nimesahau ubahili wa baba. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala, na mwisho wa wiki alibeba kamera begani akapiga video za harusi za watu. Nakala anawapa wenyewe. Mkanda wenyewe unabaki kwake, na ule mwisho mtupu uliobakia ndio anaotupigia sisi. "Mkanda haumalizwi na keki," alikuwa akisema. Kwa hiyo humu sisi tunaingia wageni wakishatawanyika. Ili kumtafuta ndugu yangu inabidi kwanza niozeshe watu.

Leo nimeozesha bwana mrefu na bibi harusi mwenye mafua. Hotuba nne, zote za mtu mmoja. Halafu, fyu, uani kwetu, mama kijana anaanika nguo, anaona kamera, anafunika uso kwa shuka lililolowa. Baba anacheka nyuma ya kamera.

Mama alikuwa amekaa kiti cha karibu kabisa, pua inakaribia kugusa kioo. Aliposikia kicheko kile aligeuza uso ukutani.

"Huyo simtaki," akasema. "Nataka mwanangu."

Machi 9

Harusi. Mama alisinzia kabla ya keki.

Machi 14

Mvua tangu alfajiri. Mkanda wa leo una ukungu, utando mweupe pembezoni, kama wa mkate uliosahauliwa. Mzee Chenga alinionya: ukiutia hivyohivyo utachafua deki, na deki itachafua mikanda yote inayofuata. Nimefungua skurubu, nikauzungusha kwa mkono juu ya kitambaa chenye spiriti, kipande kwa kipande, dirisha wazi na pua nimeifunga leso. Kisha nikaiweka mikanda yote kabatini na balbu inayowaka, ikauke. Nguo zangu sasa ziko kitandani. Kabati limepata wenyewe.

Machi 15

Harusi mbili. Katika ya pili mkwe aliangusha spika.

Machi 20

Kaka amepiga simu kutoka huko anakofanya kazi.

"Si umpe mtu akufanyie hiyo kazi? Wapo wengi. Unajitesa bure, mdogo wangu."

"Na huyo mtu atamtambuaje Bosi?"

Nilisikia magari ya upande wake.

"Hata mimi sura yake siikumbuki vizuri," akasema. "Nakumbuka anavyokimbia tu. Ukimpata niambie."

Machi 27

Tumempata! Nusu.

Harusi ilikuwa ndefu, ya watu wenye nafasi, na vijana wao walicheza hadi nikahofia mkanda utaisha bila sisi. Mara sebuleni kwetu, na lile pazia la maua. Chini ya pazia vimesimama viguu viwili, vidole vimejikunja. Baba anauliza kwa sauti ya mgeni, "Hodi? Bosi yupo?" Pazia likajibu, "Hayupo!"

Mama alipiga makofi ya furaha, akaweka kidole kwenye kioo, pale penye miguu. "Tazama kidole gumba. Cha baba yake kabisa, kimetazama pembeni. Simamisha hapo."

Nikasimamisha kwenye kompyuta, si kwenye deki. Akavitazama viguu mpaka chai ikapoa.

"Wanasema macho hayana pazia," akasema. "Yangu yanashushiwa. Harakisha, mwanangu."

Aprili 2

Deki imetafuna mkanda. Nilisikia sauti ya karatasi inayokunjwa, picha ikapinda, nikachomoa umeme. Ulikuwa umejizungusha ndani kwenye magurudumu, umejifunga mafundo. Nilitoa kwa ncha za vidole na kibano cha nyusi, nasema moyoni, asiwe yeye, asiwe yeye. Sehemu iliyoharibika nimeikata, nikaunga kwa utepe wa gundi. Ilikuwa hotuba ya mjomba wa bibi harusi. Mjomba, tusamehe.

Ila nililia nilipomaliza, kwa hofu iliyokuwa imenipanda. Mama akiwa jikoni aliuliza nini. Nikasema vumbi.

Aprili 3

Umeme hakuna.

Aprili 4

Hakuna. Mvua tu.

Aprili 6

Umeme umerudi mchana, ukakatika mkwe anaingia ukumbini.

Aprili 11

Asubuhi mama amemimina chai kando ya kikombe. Hakujua mpaka iliposhuka mezani ikamchoma paja. Nilikimbia na kitambaa, akanisukuma.

"Usinifutie kama mtoto! Naona!"

Kisha akaanza kuitafuta meza kwa viganja, taratibu, ukingo hadi ukingo. Nilitamani kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa akiwa na hasira, na mimi nimeumbwa vilevile. Nilimimina chai nyingine, nikamuwekea mkononi.

Nimeomba likizo kazini, mahakamani. Hakimu aliniuliza sababu, nikamwambia nina harusi nyingi.

Aprili 19

Leo nimemuona baba. Si sura yake, kwani mwenye kamera haonekani. Nimemuona kwa njia nyingine.

Harusi ilikuwa ndogo, ya nyumbani, viti vya kuazima. Bibi harusi alikuwa anatazama mlango. Anapigwa picha na mama yake, anatazama mlango. Kando ya mama yake pana kiti kitupu. Halafu sauti ya baba ikashuka, ile ya kumsemesha mtu mmoja: "Mwanangu, baba yako hajafika?" Yule binti akatikisa kichwa. Baba akasema, "Haya. Nitahamia upande huu. Nitakupiga hivi, kiti hakitaonekana. Miaka ikipita utautazama mkanda huu na hutaona pengo lolote. Inua uso." Na kweli kamera ikahama, na hadi mwisho wa sherehe kile kiti hakikuonekana tena.

Mama alikuwa anasikiliza huku amegeukia ukuta, kama kawaida yake akisikia sauti hiyo.

Baada ya keki tukaja sisi. Mimi niko mlangoni, nina miaka kumi na minne, nimenuna kwa sababu ambayo siikumbuki. Kamera ikanisogelea. "Na huyu," baba akasema, "ndiye jaji wa nyumba hii. Akishakuhukumu huna rufaa." Nikaubamiza mlango. Kamera ikabaki inautazama mlango muda mrefu, hadi mkanda ukaisha.

Asiyekuwepo na lake halipo. Kazini kwetu hata mwizi wa kuku husomewa shtaka na akaulizwa ana lipi la kusema. Baba tulimuuliza mara moja tu, aliponyamaza tukaandika hukumu.

Aprili 22

Mama ameniita jina la shangazi kutoka mlangoni. Kisha akacheka, akasema ni mwanga.

Aprili 24

Harusi. Mvua. Matone ya dawa mara tatu. Mama sasa hasogezi kiti karibu. Anasema kukaribia hakumsaidii tena.

Aprili 28

Nimempata.

Mama alikuwa amejilaza chumbani, kichwa kinamuuma. Nilikuwa nakunja nguo huku mkanda unacheza, maana harusi ziko nyingi na nimezoea. Keki ikakatwa, mara uani kwetu asubuhi, jua kali. Na Bosi huyo, mgongo kwetu, kavaa viatu vya baba, mikono nyuma, anakagua nguo zilizoanikwa. Viatu vinaburuzika. Anasimama, anaigusa soksi, anatikisa kichwa kwamba haikufuliwa vizuri. Niliacha nguo zikaanguka.

"Bosi!" baba akaita. "Mama anakuita huku!"

Akageuka.

Akaanza kugeuka, ndivyo niseme. Nililiona sikio, na shavu linaingia kwenye jua, halafu picha ikachanika. Chenga, mistari myeupe, kioo kizima kinawaka na kuruka. Sauti lakini ilikuwa safi kabisa, kama yuko chumbani: kicheko kile cha kukwama kooni, kisha, "Mwongo! Mama hayupo! Baba mwongo!" Picha iliporudi alikuwa ameshatimka, mgongo tena, kiatu kimoja kimebaki uani.

Nikarudisha. Palepale. Nikasafisha deki, nikarudisha. Palepale.

"Umempata?" mama akauliza kutoka chumbani. "Nimesikia kama..."

"Bado, mama," nikasema. "Ni watoto wa harusi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Sikuweza kumwita aje aone kwamba pale alipopangoja miaka yote hapana mtu.

Aprili 29

Nakala iko kwenye kompyuta. Nimepita mahali pale picha moja baada ya nyingine, kwani kompyuta inakuruhusu kusimama bila kuumiza kitu. Chenga, chenga, chenga. Katika picha moja tu kuna jicho moja, na chini yake meno mawili ya mbele. Katikati yake mstari mweupe umepita. Zilizobaki hazina mtu.

Aprili 30

Nimeupeleka kwa Mzee Chenga kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba, chini ya mwavuli. Aliutambua kabla sijasema kitu. Ubavuni una ufa mdogo.

"Mzee, labda deki yako..."

"Si deki." Alifungua kifuniko, akauvuta utepe kwa kidole hadi mahali fulani, akauinua kwenye taa. Hapo utepe umepoteza weusi wake. Mwanga unapita.

"Mtu akisimamisha picha," akasema, "unadhani vitu vyote vimesimama. Mkanda ndio uliosimama. Kichwa cha deki kinaendelea kuzunguka, kinasugua palepale. Dakika moja si kitu. Akikaa hapo kutwa, kila siku, miezi, kinaikwangua picha yote. Sauti iko ukingoni, haikuguswa. Ni picha iliyofutika."

Mvua ilikuwa inapiga bati na sikutaka aendelee.

"Baba yako alikuja nao hapa," akasema. "Alikaa juu ya hilo boksi. Akaniuliza kama kuna dawa. Nikamwambia hakuna, na kila ukichezwa unazidi kwisha. Mama yako alikuwa ameanza kuona chenga, yeye anamwambia ni deki chafu. Nikamwambia, rafiki yangu, mweleze mkeo ukweli. Akasema, 'Nimwambie amemfuta mtoto kwa macho yake mwenyewe? Ataishije?' Nikamwambia basi utauficha, atakuchukia. Akasema, 'Hewala. Kunichukia mimi kutampa kitu cha kufanya.' Na majina aliyabandua hapa hapa, nikimsaidia, kwa maji ya moto. Ili hata akifungua asiujue."

"Na mkaniacha mimi nimchukie pia."

"Mwanangu, alisema wewe utagundua. Alisema una kichwa cha mahakama." Akavua miwani. "Alingoja sana."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mwavuli nimeusahau kwake.

Mei 2

Baba. Nilikuletea chai hospitalini siku zote zile za mwisho na nilikuwa naiweka mezani, sikukupa mkononi.

Mei 4

Mama anauliza. Namwambia bado imebaki michache. Nachezesha harusi nilizokwisha kunakili. Hazitambui. Zamani angenikamata kwa gauni tu.

Mei 7

Kaka kwenye simu: "Mwoneshe hivyohivyo. Ni haki yake."

"Haki yake kuona nini? Alichokifuta?"

"Basi usimwoneshe."

"Ni ahadi yangu."

"Basi nini unachotaka, dada?"

Nikakata simu. Jibu nitaliandika hapa. Nimejikuta nangoja. Kila asubuhi namwekea matone yale, naomba Mungu yamsaidie, na ndani yangu kuna kitu kinachongoja yasimsaidie. Nikiisoma sentensi hii kesho nitaichana.

Mei 8

Sikuichana.

Mei 11

Daktari alimulika tochi, akamwambia afuate mwanga. Mama alifuata kidogo, akaupoteza, akaendelea kugeuza kichwa upande ambao mwanga haupo. Daktari akazima tochi. Alimshika mkono akamwambia polepole kwamba sasa ni vivuli na mwangaza tu, na kwamba hata hivyo vitaondoka.

"Najua," mama akasema. "Asante, baba." Akamtafuta bega, akampigapiga, kana kwamba daktari ndiye mgonjwa.

Njiani mvua ilikuwa imepungua hadi manyunyu. Akaniuliza, "Mikanda imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Nimempata."

Akasimama katikati ya njia, mtu wa baiskeli akatukwepa na kutukana.

"Lini?"

"Kesho nitakuwekea," nikasema.

Mei 12

Mama ameoga, amevaa gauni la kijani ambalo huvaa akienda mahali. Alitaka kujua kama nywele ziko sawa. Nikamwambia ziko sawa. Nimemuweka kwenye kiti, kioo mbele yake, mapazia wazi kwa sababu alitaka mwanga wote uliopo. Nikabonyeza.

Uani. Jua lile. Viatu vinaburuzika.

"Nasikia viatu," akasema. "Vya baba yake. Kuna kitu kinatembea... kivuli. Ndiye?"

"Ndiye. Amekupa mgongo. Kafunga mikono nyuma, anakagua nguo zako. Sasa ameishika soksi."

"Soksi zilikuwa hazitakati, alikuwa anapita kwenye tope." Alikuwa ameinama mbele, kinywa wazi.

"Bosi! Mama anakuita huku!"

Safari hii hakugeuka ukutani aliposikia sauti hiyo. Kioo kikawaka cheupe, kikarukaruka juu ya uso wake, juu ya gauni, hadi kwenye mikono yake. Kicheko. "Mwongo! Mama hayupo! Baba mwongo!" Halafu viatu, na kimya.

Mama alikaa. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali.

"Kivuli nimekiona kinatembea," akasema. "Kisha alipogeuka pakawa peupe tupu. Hakuna kitu." Akageuza uso kunielekea, si mimi hasa, bega langu. "Mwanangu. Ni macho yangu, au ni mkanda?"

Nimekaa mahakamani miaka mingi. Nawajua wanaosema uongo, huwa wanakunywa maji kwanza. Mimi sikunywa.

"Ni macho, mama."

"Mkanda mzima?"

"Mzima kabisa. Anakutazama, anacheka. Meno mawili ya mbele."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakateremka. Nilidhani ni huzuni.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali, mama?"

"Afadhali macho. Miaka yote hii nilikuwa naogopa ni mimi niliyeumaliza. Nilikuwa naona chenga zinaanza, palepale usoni, na siwezi kuacha. Baba yako ananiambia, deki chafu, mke wangu, deki chafu. Nikamwona ananidanganya." Akapangusa mashavu kwa kiganja. "Kumbe kweli deki ilikuwa chafu. Aliuficha usije ukaharibika. Mzima mpaka leo! Na mimi nimemnunia mpaka kaburini. Kwa nini hakusema, jamani? Si angesema tu?"

Nilimshika mkono, naye akaniachia niushike, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na huu wa kompyuta," akauliza baadaye, "nao unachakaa ukirudiwa?"

"Huu hauchakai, mama. Rudia unavyotaka."

"Basi nirudishie."

Nikarudisha. Viatu vikaburuzika uani. Baba akaita, na mama akaitika, "Abee!" kwa sauti ya chini, mbio mbio, kabla mtoto hajageuka. Kioo kikawa cheupe. Nilikitazama hadi mwisho, sikuyaondoa macho.

"Mwongo!" Bosi akasema, na mama akacheka naye.